Nani Amechinja Mbuzi wa Prisca

Gonja,
28 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unajibu "ndiyo" na "hapana" kama uko mahakamani. Unasema naiweka sauti kubwa ukoo mzima usikie. Basi barua haina sauti. Nimempa kondakta wa gari la asubuhi.

Huku hatujambo. Vuli imeanza vizuri, migomba imechangamka, na kaburi la baba nimelipalilia mwenyewe Jumamosi.

Prisca wangu anapata kipaimara Jumapili ya tarehe nane Desemba. Unajua utaratibu wa nyumba yetu kuliko mimi: mtoto akitoka kanisani, bibi yake anakaa naye sahani moja, anamlisha ini la mbuzi, tonge la kwanza, ndipo wageni wapakuliwe. Bibi alinilisha mimi, na wewe umewalisha watoto wote wa kaka Fanueli. Sasa Prisca kila siku ni swali moja tu: bibi atakuja?

Nakuomba uje. Lakini uje kama mama yetu, siyo kama mtu aliyetumwa. Ulikwenda Same kutolewa mtoto wa jicho, ukafikia kwa huyo Bi Sauda, ukaamua kubaki. Alikwenda Eliwaza, miezi sita baadaye tukaambiwa sasa ni Zaituni. Mimi ni nesi, nimeona watu wakitoka kwenye upasuaji wamebadilika, lakini dini? Mama, niambie ukweli. Kuna mwanamume? Huyo Sauda ana kaka?

Na ile kanga uliyompa Prisca mwezi wa nane, nilimkuta anajifunga kichwani mbele ya kioo. Nimeiweka juu ya kabati. Sijasema kitu, nimeiweka tu.

Mwanao,
Esta


Same,
4 Novemba 2024

Mwanangu Esta,

Marahaba. Na asalaam aleikum pia. Usipoitikia haitakuchoma.

Kaka yake Sauda yupo. Ana miaka themanini na mbili, hana jino hata moja, na mimi ananiita binti. Posa bado hajaleta. Kanga nayo ni kanga tu, kama zile nilizokuwa nakupa wewe kila ulipofaulu mtihani. Wakati ule hukuziogopa.

Umeniuliza ni nani aliyenisilimisha. Hujaniuliza kwa nini nimesilimu. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, najua mtoto anayetaka kujua na mtoto anayetaka kushtaki. Siku ukiuliza la pili nitakujibu, tena uso kwa uso.

Nitakuja. Lakini na mimi nina maswali yangu. Mbona mwaliko huu umekuja wiki moja tu baada ya mchungaji wenu kuulizia ninakaa mtaa gani hapa Same? Usishtuke, mji wenyewe ni mdogo. Kama mmepanga kuniweka katikati ya sebule niombewe huku nimeshika sahani, niambie mapema nibaki sokoni na tangawizi zangu.

Tuje kwa mbuzi. Nataka kumlisha Prisca, nataka sana, usifikiri nimeacha kuwa bibi. Ila ili nile naye sahani moja, mbuzi achinjwe na Mwislamu. Najua utasema wapo masheikh wanaoruhusu nyama ya Wakristo. Wapo, lakini mimi nafuata nilivyofundishwa. Kuchinja mwenyewe siwezi, mkono unatetemeka, na nyie mngepata la kusimulia mpaka Pasaka. Wala siombi kitu kigeni. Harusi ngapi huko kwetu tumeita Mwislamu achinje ili kila mgeni ale? Kwa wageni iliwezekana, kwa mama yenu iwe vita?

Fanueli usimsumbue. Kwenye kile kikao cha ukoo mwaka jana wote mlipiga kelele. Wewe ulilia, wajomba zako walinitukana, yeye alikaa kimya anatazama sakafu. Kelele zenu nimezisamehe, ila ule ukimya wake unaniuma mpaka leo. Yuko Makanya hapo chini anachimba jasi, haifiki saa moja kwa gari, na mwaka mzima hajawahi kuja kubisha hodi kwangu. Mwanangu wa kiume, wa pekee!

Mama yako,
Zaituni (ndiye Eliwaza huyohuyo)


Gonja,
14 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Mchungaji aliuliza unapokaa kwa sababu mimi nilimwomba akuombee. Akuombee hukohuko kanisani, bila wewe kuwepo. Na hilo nalo kosa? Hakuna atakayekushika kichwa. Nakuahidi.

Kuhusu mbuzi nimeongea na Fanueli alipopanda huku wiki iliyopita. Nilidhani atafoka, kwa sababu mkwe wake Mzee Aminieli ni mwinjilisti na mambo yako yamemkera sana. Hakufoka. Alisema, "Mbuzi niachie mimi. Atachinjwa inavyotakiwa. Mwambie mama ale bila wasiwasi." Nikamuuliza nani atachinja, maana kitongoji chetu chote hakina Mwislamu hata mmoja. Akafikiri kidogo, akasema Athumani, yule wa buchani hapo Same.

Sasa nikuambie jambo lingine, na usilitoe kwa Sauda. Fanueli ananitia wasiwasi. Pombe haigusi tena, hata dengelua ya miwa. Kwenye posa ya mtoto wa shangazi alipewa kibuyu cha kwanza kama mkubwa wa ukoo, akakipitisha bila kuonja, wazee wakanuna mpaka mwisho wa shughuli. Mkewe Honorata anasema akiwa likizo anatoka nje kabla hakujapambazuka, akiulizwa anasema anaangalia mbuzi. Honorata anashuku ana mwanamke Makanya. Mimi nashuku anaumwa na anatuficha. Wewe uko karibu, hujasikia lolote?

Mwanao,
Esta


Same,
22 Novemba 2024

Mwanangu Esta,

Marahaba.

Juzi nilikwenda buchani. Nikamwambia Athumani, "Kumbe tarehe nane tutapanda wote Gonja!" Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Tarehe nane yuko Hedaru kwenye harusi ya mpwa wake, na huyo Fanueli hamjui hata kwa sura.

Haya. Kati yako na kaka yako, nani ananiongopea? Au mmekaa mezani mkakubaliana kwamba mama ni mzee, macho yenyewe ya kutengenezwa, tumwambie tu nyama ni halali, atameza, atajuaje? Esta, nisile kabisa kuliko nidanganywe. Mkiniambia kweli kwamba imeshindikana, nitakuja na mkate wangu, nitamshika Prisca mkono, nitampigia vigelegele, na sitanuna. Mkinidanganya, tutaonana wabaya.

Huyo Fanueli, akinywa mnamsema, akiacha mnamshuku. Lakini na mimi sitamtetea sana. Mtu anayeacha pombe bila kusema sababu ana jambo. Pengine kaweka nadhiri na mkwe wake kwamba hanywi mpaka mimi nirudi kanisani. Aminieli angemshauri hivyo, namjua tangu anaota ndevu.

Niandikie jina la mchinjaji. Jina la kweli.

Mama yako,
Zaituni


Gonja,
29 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Fanueli anakiri kwamba jina la Athumani alilitaja tu. Anasema yupo mtu mwingine, ila jina hataki kulitoa. Nimemuuliza mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akaapa kwa Mungu kwamba mtu atakayemchinja mbuzi wa Prisca ni Mwislamu.

Mimi mwenyewe sielewi, na sipendi ninavyofichwa. Lakini Fanueli haapi ovyo, hata utotoni ulimchapa akakataa kuapa. Nakusihi njoo. Gauni la Prisca limeshashonwa. Amesema hataonja chochote asubuhi ile, eti anasubiri mkono wa bibi.

Mwanao,
Esta


Gonja,
10 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa.

Watu themanini, mama. Kwaya nzima. Prisca ameketi na gauni lake jeupe, nafasi yako pembeni yake iko wazi, sahani ya ini imeshaletwa. Badala ya kukaa, wewe unaibeba ile sahani, unazunguka nyuma ya jiko kama askari wa doria, unamkuta Fanueli anaosha kisu. Ukauliza mpaka walio barabarani wakasikia: "Nani amechinja?"

Akasema, "Mimi, mama."

Basi ungenyamaza. Ungemvuta pembeni, ungemchapa hata kofi, tungejua ni mama na mwanawe. Hapana. Ukamwambia mbele ya Honorata, mbele ya Mzee Aminieli, mbele ya wanawe: "Umeapa kwa Mungu ukaniongopea. Nyama ya mkono wako sitaila mpaka naingia kaburini." Ukaiweka sahani chini, chini kwenye udongo! Ukakaa peke yako ukala mkate na ndizi ulizokuja nazo, ukaondoka na gari la kwanza.

Nilimlisha Prisca mimi. Akatafuna kidogo, akatema, akakimbilia chumbani na kipaimara chake.

Najua Fanueli aliongopa. Nimemsema, akaenda kusimama kwenye migomba karibu na kaburi la baba mpaka wageni wakaisha. Hata mimi nimeaibika, kwa sababu niliandika kiapo chake kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini aliongopa ili wewe ule na mjukuu wako. Wewe ulichosema ulisema ili kuwaonyesha watu dini yako. Wameiona.

Krismasi uje, umwombe Fanueli msamaha mbele ya walewale. Usipofanya hivyo, Prisca hatakuja kwako likizo hii. Tiketi yake nilikuwa nimeshakata, nimeirudisha.

Esta


Makanya,
15 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Anayekuletea barua hii ni mtu ninayemwamini. Simu yangu Honorata huipekua, ndiyo maana sikupigi. Ukimaliza kusoma, ichome jikoni.

Sikuapa uongo. Aliyechinja mbuzi ni Mwislamu. Nilisilimu hapahapa Makanya mwezi wa tatu mwaka 2022, zaidi ya mwaka kabla yako. Msikitini naitwa Idrisa. Yule mbuzi nilimwelekeza kibla, nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, kwa sauti ya chini kwa sababu Mzee Aminieli alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilichoongopa ni Athumani peke yake. Esta alinibana, jina la kwanza lililonijia nikalitoa.

Siku ya kile kikao nilipanda Gonja nimeshaamua kwamba nitasimama upande wako, nitawaambia na mimi ni hivyohivyo. Wakaanza kukutukana. Kila tusi lilikuwa langu pia, mama, ndiyo maana nilitazama sakafu. Sikusimama. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Honorata alisema, "Angekuwa mume wangu, ningewachukua wanangu siku hiyohiyo." Namjua akitania, na siku ile hakutania.

Nasikia unasema sijawahi kuja kwako. Nimekuja Same mara nne. Nafika pale sokoni, nakuona unapanga tangawizi, nageuka. Darasani kwako hakuna mtoto aliyewahi kusimama mbele yako akakuficha kitu. Niliogopa utaniona usoni, utafurahi, utapiga kelele za furaha, na Gonja itajua kabla ya jua kuzama.

Nilipanga siku ile nikae karibu yako na Prisca, nikunong'oneze sikioni, "Kula mama, ni mkono wangu, na mimi ni ndugu yako." Nilikuwa namalizia kuosha kisu nije. Ukatokea wewe. Uliponiuliza, jibu fupi lilikuwa "mimi". Jibu refu lingeniondolea wanangu palepale, mbele ya babu yao.

Sikulaumu. Ila umesema nyama ya mkono wangu huili mpaka kaburini. Na katika watoto wako wote wawili, mimi ndiye ambaye nyama yake unaweza kuila. Hilo linanikosesha raha kazini, nashika sururu nasahau nilikuwa nachimba wapi.

Asalaam aleikum, mama. Ni mara ya kwanza kukuandikia salamu hii.

Mwanao,
Fanueli


Same,
20 Desemba 2024

Mwanangu Esta,

Marahaba.

Krismasi nitakuja. Msamaha mbele ya watu sitaomba. Nilichosema nimesema, na nyama atakayochinja Fanueli sitaila, hiyo Krismasi wala Pasaka. Nitakuja na mkate wangu.

Kama adhabu yangu ni kumkosa Prisca likizo, mzuie. Sitabishana nawe. Mwambie bibi yake anamwomba radhi yeye peke yake, kwamba alikaa na njaa asubuhi nzima akisubiri mkono ambao haukuja. Mwambie nilitaka sana. Kanga mrudishie.

Hayo ya Fanueli yaacheni. Mwambie Honorata hakuna mwanamke, na wewe uache kumtafutia ugonjwa. Mwanamume alitaka mama yake ale, akatafuta maneno. Pombe ameacha kwa sababu umri umefika. Mkiwa na hamu ya kumsema mtu, nisemeni mimi. Semeni Zaituni ana dini ngumu na roho ngumu, kazeeka vibaya, hana huruma hata na mtoto wake wa kumzaa. Mbele yangu mseme, nitasikiliza.

Mama yako,
Zaituni


Same,
20 Desemba 2024

Mwanangu,

Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nimeiandika yote kwa sababu nimechelewa miaka miwili na zaidi kukuitikia.

Barua yako nimeisoma mpaka nikaijua kwa moyo, ndipo nikaichoma. Sauda aliuliza mbona jiko linanuka karatasi, nikamwambia nachoma mambo ya zamani. Hata yeye sijamwambia.

Nisamehe, Fanueli. Nilikuona na kisu, nikakuhukumu kabla hujakausha mikono. Niliwaza kila ubaya ambao mwana anaweza kumfanyia mama yake, na lile moja la heri halikunipitia akilini kabisa. Mimi niliyekuwa nalalamika kwamba ninyi hamniulizi kwa nini, na mimi sikuuliza. Niliuliza ni nani.

Siku niliyoipata barua nilivaa viatu nije Gonja. Nilisema nitamwomba Esta ile nyama hata kama imebaki mfupa, nitakaa katikati ya uwanja, nitakula huku nacheka. Nikafika mpaka stendi. Pale nikaona nilichokifanya. Bibi aliyetamka mbele ya watu themanini kwamba hatakula nyama ya mkono wa Fanueli mpaka kaburini, akionekana anaila kabla wiki mbili hazijapita, wataulizana kimebadilika nini. Esta ana akili, atakaa dakika moja tu apate jibu. Honorata atalipata kabla yake. Ningekula tonge moja, na wewe ungepoteza wanao. Nikarudi nyumbani na viatu vyangu.

Kwa hiyo nimemwandikia Esta kwa ukali. Atakuonyesha, usiumie. Prisca ameshanyimwa kuja, na hilo nimelikubali, ingawa nimelia.

Siri yako ni yako. Sitakuharakisha na sitakusemea. Nakuomba kimoja: siku ikifika, Honorata asikie kutoka kinywani mwako, asisikie kutoka kwa watu. Mimi nilimwacha Esta asikie kutoka kwa watu, na unaona tulipo.

Sasa sikiliza. Krismasi usikae mbali kwa ajili yangu. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba, chinja kama kawaida, umwelekeze mbuzi unakojua, useme unachojua. Kisha uniletee sahani mbele yao wote, kama mtoto anavyomletea mama yake. Nitaisukuma. Nitasema maneno makali, nitayatafuta njiani nikiwa garini.

Ila ukishaiweka, geuka uende zako, usinitazame usoni. Kukataa nyama yako mara ya kwanza nilikuwa na hasira za kunisaidia. Mara hii sina.

Mama yako,
Zaituni